Tone, tundu au uchafu? Utatuzi wa matatizo kwa wanaochunguza plastiki zilizochanganywa

Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, lakini madumu ya mafuta, viti vilivyovunjika, vifuniko vya chupa za maji na kamba za mwani zilizochoka bado tunazo kila upande. Wapo wanaozisaga na kuziyeyusha ili wapate mbao na vigae, na swali lao huwa lile lile: mbona ubao huu unapinda bila kuvunjika, na ule umekatika ulipokanyagwa mara moja, ilhali vyote vimetoka mashine moja?

Jibu liko ndani ya plastiki yenyewe. Plastiki mbili tofauti, hata zikiyeyushwa pamoja na kukorogwa sana, mara nyingi hazikubali kuwa kitu kimoja. Moja inakuwa mama, na nyengine inakaa ndani yake kwa matone, nyuzi au matabaka ya maikromita chache (maikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Ukubwa wa matone hayo, na namna yalivyoshikana na mama, ndiyo yanayoamua ubao utapinda au utakatika. Kwa hiyo lazima tuyaone, na kuyaona kuna mitego.

Nimeandika mwongozo huu kwa walioko skuli, vyuoni na kwenye karakana zetu, ambao wana hadubini ya mwanga na pengine bahati ya kupeleka sampuli Bara kwenye hadubini ya elektroni. Jambo moja nataka lishikwe tangu mwanzo: picha mbaya mara chache huanzia kwenye hadubini. Huanzia kwenye wembe, kwenye joto la mashine, kwenye hewa ya chumba. Kabla hujagusa lenzi, andika sampuli imetoka wapi, imeyeyushwa kwa joto gani, imepozwa vipi na imekatwa na nini.

Huoni kitu, uwanja wote ni kijivu

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia zaidi. Mwanafunzi anaweka kipande chini ya lenzi ya 40, anatafuta matone, anakuta kiwingu tu. "Mwalimu, hizi mbona zimekuwa moja?" Hazijawa moja. Plastiki zinazoyeyukiana kweli zipo, lakini ni chache sana, na dumu na kiti hazimo.

Hadubini ya mwanga hutenganisha vitu viwili pale vinapopinda mwanga kwa viwango tofauti. Polistairini ina namba ya kupinda mwanga karibu 1.59, poliethilini iko kati ya 1.51 na 1.54, na polipropilini iko karibu 1.49. Polistairini ikiwa ndani ya poliethilini utaiona bila taabu. Lakini dumu, ambalo kwa kawaida ni poliethilini nzito, ukilichanganya na kiti, ambacho kwa kawaida ni polipropilini, tofauti hiyo haikusaidii, kwa sababu plastiki zote mbili zimejaa fuwele zinazotawanya mwanga kila upande. Hicho ndicho kiwingu unachokiona.

Angalia unene kwanza. Kipande cha wembe wa mkono huwa na makumi ya maikromita, wakati matone yana maikromita mbili au tatu. Unatazama matone mengi yaliyopandana, kila moja likificha la chini yake. Tafuta mikrotomu, yaani kikatio cha vipande vyembamba, kinachotoa vipande vya maikromita 5 hadi 10. Wengine hukwepa kazi hiyo kwa kuyeyusha punje ya plastiki baina ya slaidi na kifuniko chake na kuibana. Nakataza. Ukiyeyusha na kubana umeshavunja mpangilio uliokuja kuutafuta, na picha utakayopata ni ya plastiki uliyoitengeneza wewe juu ya slaidi, si ya ubao ule.

Kama unene uko sawa na bado huoni, tumia joto. Njia hii naipenda kuliko zote kwa mchanganyiko wa dumu na kiti, kwa sababu haihitaji kemikali hata moja. Unahitaji meza ya joto inayokaa chini ya lenzi na vichujio viwili vya polaraiza, kimoja chini ya sampuli na kimoja juu yake, vimepishana pembe mraba. Katika hali hiyo plastiki yenye fuwele hung'aa na isiyo na fuwele huwa nyeusi. Anza bila joto: kila kitu kinang'aa, huwezi kujua kipi ni kipi. Piga picha. Kisha pandisha joto polepole, nyuzi 10 kwa dakika. Ukifika karibu na 130 za Selsiasi, utaona madoa yanaanza kufifia, mamoja mamoja, kingo zake zikilegea kwanza, halafu yanazima kabisa. Hiyo ni poliethilini nzito inayoyeyuka. Polipropilini haitayeyuka mpaka ukaribie 160 hadi 165. Simamisha joto kwenye 145 na utulie. Kinachong'aa ni kiti, kilichozima ni dumu. Ikiwa poliethilini yako ni ile nyepesi ya mifuko, itazima mapema zaidi, kati ya 105 na 115.

Ile picha ya kabla ya joto usiipoteze. Tundu nalo ni jeusi, lakini lilikuwa jeusi tangu mwanzo. Doa lililokuwa linang'aa kwenye picha ya kwanza na likazima kwenye ya pili ndilo tone.

Na kama hata hapo huoni mpaka wowote, pengine matone ni madogo kuliko uwezo wa mwanga. Hadubini ya mwanga ya kawaida, hata iwe ghali namna gani, haitenganishi vitu vilivyo karibu chini ya takriban maikromita 0.2. Mchanganyiko uliotiwa kiunganishi cha kuzishikanisha plastiki mbili unaweza kuwa na matone madogo kuliko hapo. Huo upeleke kwenye elektroni.

Unaona matone mengi mno, na mengine hayana maelezo

Hapa ndipo watu wengi wanapotangaza matokeo ambayo hayapo. Kila kitu cha mviringo kiulizwe mara mbili.

Kamba za mwani zina hila zake. Zimekaa baharini msimu baada ya msimu, zimeota viumbe vyenye maganda ya chokaa, zimekaukia chumvi na mchanga. Ukiziosha juu juu na kuziyeyusha, hiyo chokaa na chumvi inaingia ndani na kukaa kama chembechembe za maikromita kadhaa. Viti vya plastiki navyo mara nyingi hutiwa unga wa chokaa kiwandani ili kupunguza gharama, na rangi nyeupe nyingi ni titani oksaidi. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo tone la plastiki.

Kuzitofautisha si kazi. Chumvi huyeyuka: chovya kipande kilichokatwa kwenye maji safi usiku mmoja, kikaushe, tazama pale pale ulipotazama jana. Palipobaki shimo lenye pembe pembe palikuwa na chumvi. Chokaa hutoa mapovu ukiigusa kwa tone la asidi ya haidrokloriki iliyopunguzwa, na mapovu hayo utayaona ukichungulia kwa lenzi ndogo (usithubutu kuishusha lenzi kubwa karibu na asidi). Kwenye meza ya joto mambo ni mepesi zaidi: ukipita nyuzi 170 plastiki zote mbili zimezima, na chochote kinachoendelea kung'aa ni madini kama chokaa.

Povu la hewa au mvuke ni mshukiwa mwengine, hasa miezi ya masika. Plastiki iliyosagwa na kuachwa wazi kwenye hewa yetu hubeba unyevu, juu ya uso wake au ndani kabisa kama ni nailoni, na ukiiyeyusha maji yanageuka mvuke. Povu lina mzingo mweusi mnene na kiini kinachong'aa, na ukubwa wake unatofautiana sana, dogo kando ya kubwa. Kausha sampuli mpya kwenye oveni kabla ya kuyeyusha, kisha linganisha. Yakitoweka, yalikuwa mapovu.

Uso uliovunjika umejaa nywele na mikunjo

Kwa hadubini ya elektroni huwa tunavunja sampuli badala ya kuikata, ili ufa upite wenyewe baina ya tone na mama. Lakini plastiki ikiwa na joto la chumba haivunjiki, inavutika. Utaona nyuzi ndefu, mikunjo, midomo iliyochanika, na mpangilio wa ndani umefunikwa wote.

Sababu ni kuwa haikupoa vya kutosha. Kila plastiki ina joto ambalo chini yake inakakamaa. Polipropilini hukakamaa karibu na sifuri, hivyo barafu kavu yenye nyuzi 78 chini ya sifuri inaitosha. Poliethilini inataka kushuka zaidi ya 100 chini ya sifuri, na hapo hakuna ujanja isipokuwa naitrojeni ya kimiminika, yenye 196 chini ya sifuri, ile ile wanayohifadhia mbegu za madume kwa ajili ya uhimilishaji wa ng'ombe. Ukiipata, usiharakishe. Tia sampuli, sikiliza: itachemka kwa kishindo. Mchemko ukinyamaza, uso wake umeshapoa. Iache dakika kadhaa zaidi ili na moyo wake upoe, kisha ivunje hapo hapo kwa koleo lililopozwa pamoja nayo. Chora mkwaruzo kwa wembe kabla ya kuipoza ili ufa ujue pa kuanzia. Vaa miwani na glavu, fungua madirisha, kwa sababu gesi yake inasukuma hewa nje ya chumba kidogo.

Sasa kuna tatizo linalotuhusu sisi wa pwani zaidi ya walioandika vitabu. Uso uliovunjika ukiwa baridi namna ile ukakutana na hewa ya Unguja, umande unauvamia mara moja, unaganda, kisha unayeyuka na kuacha vidoa na vijidimbwi vya mviringo. Nimeona picha nzuri zikitajwa kuwa zina "matundu" ambayo hayakuwa chochote ila alama za maji. Vunja sampuli juu ya mfuko wenye jeli ya silika kavu (chembe zinazonyonya unyevu), idondoshe ndani, funga, na usifungue mpaka ifikie joto la chumba.

Tundu la kweli lina maana. Uso ukiwa na mashimo laini ya mviringo, na upande wa pili una matone yaliyochomoza yakiwa safi, ujue tone na mama hawakushikana na ufa umepita baina yao. Hiyo ndiyo sababu ya ule ubao kukatika. Matone yakiwa yamevunjika katikati, yameshikamana vizuri na mama. Ndiyo maana nasisitiza kuweka vipande vyote viwili vya sampuli iliyovunjika, si kimoja.

Sampuli ile ile, leo matone madogo, kesho makubwa

Uliza umetazama sehemu gani. Karibu na uso wa ubao plastiki ilibururwa na kupoa haraka, kwa hiyo matone yamerefuka na kulala upande mmoja. Katikati yalipata muda wa kujiviringa upya. Mtu akikata kwa urefu anaona nyuzi, mwenzake akikata kwa upana anaona vidoti, na wote wawili wako sawa. Andikeni upande wa mkato.

Kama sehemu ni ile ile, uliza muda wa joto. Plastiki ikikaa imeyeyuka bila kukorogwa, matone hukutana na kuungana. Umeme ukikatika mashine ikiwa imefungwa na sampuli imo ndani ya moto, haipoi ghafla. Inapoa taratibu kwa muda mrefu, na matone yanatumia muda huo kukua. Sampuli iliyokutwa na hali hiyo usiilinganishe na nyengine. Ukitaka kuona mchanganyiko ulivyokuwa wakati unakorogwa, toa kipande kikiwa cha moto na kitumbukize kwenye maji ya barafu papo hapo.

Sababu ya tatu ni mnato, yaani uzito wa plastiki iliyoyeyuka inapotiririka, na hii inasahaulika. Mwanafizikia Mwingereza G. I. Taylor alionyesha katika miaka ya 1930 kuwa tone ndani ya mtiririko hupasuka pale nguvu ya mtiririko inapoushinda mvutano wa uso wake. Waliomfuata wakapima na kukuta kuwa, katika mtiririko wa kuburuzana wa kawaida, tone ambalo mnato wake unazidi wa mama takriban mara nne halipasuki, hata ukikoroga kutwa. Polipropilini ya kamba iliyochomwa na jua la ufukweni imekatika minyororo yake na mnato wake umeshuka. Ile ya kiti kilichokaa ndani bado ni nzito. Kwa jina ni plastiki moja, ila ndani ya mashine tabia zao ni mbili. Tenga mafungu kwa historia yake, si kwa aina tu.

Kuhusu kupima: tumia ImageJ, ni programu ya bure, na irekebishe kwa slaidi ya kipimo yenye migawanyo ya milimita 0.01 kwa kila lenzi. Pima mamia ya matone kutoka sehemu mbalimbali, usichague yaliyo mazuri. Na kumbuka kuwa mkato haupiti katikati ya kila tone. Kwa matone yanayolingana, wastani wa duara unazoziona ni kama 0.79 ya kipenyo halisi, kwa hiyo zidisha kwa 1.27.

Kiyeyushi hakijatoa kitu, au kimeharibu kila kitu

Kwa polistairini iliyomo ndani ya poliethilini, toluini huyeyusha matone na kuacha mashimo yanayoonekana wazi. Ikiwa hakuna shimo hata moja, huenda uso haukukatwa vizuri na matone yamefunikwa na ngozi ya mama. Toluini haiwezi kuyafikia. Kata upya. Ikiwa uso umevimba na kukunjamana, umeacha muda mrefu mno: toluini haiyeyushi poliethilini kwa joto la chumba, lakini inaivimbisha, hasa ile nyepesi. Anza na dakika chache, uongeze kidogo kidogo. Mvuke wake una sumu na unashika moto, basi fanya kazi penye upepo na mbali na jiko.

Mizani inasema mengi hapa. Pima uzito wa kipande kabla na baada ya siku kadhaa ndani ya toluini inayobadilishwa. Kikisambaratika, polistairini ndiyo iliyokuwa mama. Kikibaki na umbo lake na kupoteza karibu polistairini yote uliyotia, basi plastiki zote mbili zimesambaa mfululizo, zimesukana. Kikipoteza kidogo tu, polistairini ni matone yaliyofungiwa. Ni jibu la uhakika kuliko picha moja, na halihitaji hadubini.

Kwenye elektroni: picha inateleza, inang'aa, inapasuka

Michirizi myeupe na picha inayosogea yenyewe ni chaji iliyokwama juu ya plastiki, kwa kuwa plastiki haipitishi umeme. Omba ipakwe dhahabu nyembamba, nanomita 10 hivi, na hakikisha rangi ya fedha imeunganisha uso wa juu na kishikio cha chini. Wengi hupaka juu wakasahau ubavu. Kushusha volti hadi kilovolti 1 mpaka 5 nako husaidia. Malengelenge au nyufa zinazotokea ukiwa unatazama ni elektroni zinazoiunguza sampuli: punguza mkondo, tafuta fokasi pembeni, kisha hamia unapotaka kupiga picha. Na ukikuza sana ukaona chembe ndogo zinazolingana kila mahali, juu ya tone na juu ya mama, hizo ni punje za dhahabu.

Filamu za mwani na wanga wa muhogo

Hizi, utando mwembamba unaotengenezwa kwa mwani na wanga, zina wapenzi wengi sasa, na ni haki yake, maana mwani unalimwa hapa tangu 1989. Mwani wa spinosum hutoa karajinani (kitu kinachogandisha kama jeli) ya aina ya iota, wa cottonii hutoa kappa, na filamu zake hazifanani: kappa hukaza kwa potasiamu, iota hushikana kwa kalsiamu lakini hubaki laini. Usichanganye magunia.

Dalili inayojirudia ni "matone" ya maikromita 5 hadi 35, mengine yamekatika upande mmoja kama yamepigwa kisu. Hayo si matone, ni punje za wanga ambazo hazikuiva. Weka vichujio vya polaraiza: punje mbichi inaonyesha msalaba mweusi katikati ya mwangaza, iliyoiva haionyeshi kitu. Rudi jikoni, pasha mchanganyiko juu ya nyuzi 70 na ukoroge mpaka uwe mwangavu. Ukitaka kujua wanga uko wapi baada ya kuiva, tone la iodini hafifu litaupaka buluu nyeusi na kuiacha karajinani. Filamu ikionekana tofauti asubuhi na jioni, ni unyevu. Glisirini inayotiwa kuilainisha inanyonya maji hewani. Iweke kwenye kisanduku chenye unyevu unaojulikana siku mbili kabla ya kuitazama.

Doa lisilohama

Sogeza slaidi. Doa likihama, limo kwenye sampuli. Lisipohama, zungusha lenzi ya jicho. Likizunguka nayo, liko kwenye lenzi hiyo. Lisipofanya yote mawili, liko kwenye lenzi ya chini au kikusanyio cha mwanga, na hapa kwetu mara nyingi ni koga iliyoota kwenye kioo, vinyuzi vyembamba vinavyotawanyika kutoka nukta moja. Ikiwa changa hufutika kwa karatasi ya lenzi na kiowevu cha kusafishia lenzi. Ikikomaa huchimba kioo na hapo lenzi ni ya kubadilishwa. Toa lenzi kila unapomaliza kazi, zifungie kwenye kisanduku kisichopitisha hewa pamoja na jeli ya silika, na ile jeli ikibadilika rangi ikaushe kwenye oveni kabla ya kuirudisha.